Mlango wa Bi Nunu

Siku ya kuhama, Hamahama nzima huwa haina adabu. Watu wanakimbia na vyungu vichwani, mbuzi wametwishwa mafurushi ambayo hata punda angeyakataa, wanawake wanapiga vigelegele bila kujua wanampigia nani, na vumbi la buluu linapanda mpaka jua lenyewe linachafuka uso. Asubuhi ile Kidawa aliamka moyo unamwenda mbio. Zamu ilikuwa yao. Mlango wa kwanza kuvuka ulikuwa mlango wa mama yake, na wa kuubeba alikuwa yeye.

Tuelewane kwanza kuhusu mlango, maana mgeni akifika Hamahama na kuona milango imesimama peke yake jangwani hucheka, na akishacheka hapewi maji. Mji huu umekaa ukingoni mwa Shimo. Shimo linatoa jiwe la buluu, jiwe linakwenda zake duniani, mji unakula, na kadiri mji unavyokula ndivyo Shimo linavyozidi kupanuka na kuusogelea. Likikaribia kiasi cha mtu kulala na kusikia changarawe ikiteleza chini ya mto wake, nyumba inahamishwa. Kinachotangulia ni mlango pamoja na miimo yake. Binti wa nyumba anaubeba mgongoni, anausimika kwenye mchanga mahali papya, kizingiti kinamwagiwa maji, na maji yale yakishanywewa na mchanga nyumba ipo, haigeuzwi wala haisogezwi mpaka kuhama kwingine. Kuta zitakuja zikijaaliwa. Kwa miezi mgeni husimama mbele ya mlango usio na ukuta kulia wala kushoto, anamwona mwenye nyumba waziwazi amekaa mkekani anachambua dengu, na bado anabisha: hodi! Na mwenye nyumba, aliyekwisha kumwona tangu akiwa kule mbali, anajifanya kushtuka na kuitikia: karibu! Kupita kando ya mlango ni wizi, hata kama mikono yako imetoka mitupu.

Upande wa komeo ni ndani. Upande usio na komeo ni nje. Watu wa Hamahama hawana sheria nyingine ya nyumba, kwa sababu wamehama mno kuweza kuziamini kuta.

Na Shimo wanaliita Mwenyeji. Wakiamkiana asubuhi huulizana, "Mwenyeji kaamkaje?" nao hujibiana kwamba kaamka salama, hakula mtu. Milango yote huelekezwa kwake, ili mtu akitoka tu nyumbani mwake amwone na ampe heshima yake. Mtoto akiuliza ni nani aliyelichimba, huambiwa lilikuwepo. Akiuliza tena, huambiwa, "Wewe mtoto wewe, lilikuwepo!" na sauti iliyotumika mara ya pili humfundisha kwamba hapo ndipo maswali ya mji huu yanapokomea. Kidawa aliwahi kuuliza mara ya tatu. Alipigwa kofi na shangazi yake, mwanamke mpole ambaye hakuwahi kumpiga mtu, na wote wawili wakalia.

Lakini historia ipo, na kila mtu anaijua. Msafara ulipotea. Kulikuwa na mwanamke aliyeitwa Zamda, midomo imempasuka kwa kiu, akapiga magoti akaanza kuchimba kwa kigae cha chungu akitafuta maji. Akatoka na jiwe la buluu. Inasemekana alilitupa, akalitukana, akakaa chini akalia kwa hasira. Kisha wenzake wakaliokota na kulielekeza kwenye jua, na hapohapo kiu ikasahauliwa. Mji mzima umetokana na mtu mmoja aliyekosa alichokuwa akikitafuta. Hata hivyo, ukiwauliza kama Zamda ndiye aliyechimba Shimo, watakuruka. Zamda alikwangua tu. Shimo lilikuwepo.

Kidawa alikuwa na mawazo yake juu ya jambo hili, na siku za kuhama yalimjia kwa fujo. Mahali alipoolewa bibi yake hapapo. Hapakubomoka wala kufunikwa na mchanga. Palichukuliwa, pakapondwa, pakachekechwa, na huenda sasa pako kwenye kidole cha bibi harusi wa nchi isiyojua hata kutamka Hamahama. Jana ya watu wengine hupita. Jana ya Hamahama ilitiwa kwenye magunia ikabebwa. Ndiyo maana jua la mchana likiwa utosini, ukisimama ukingoni, unaweza kuiona angani juu ya Shimo, pale palipokuwa na ardhi: mtu anafagia uani na hapana ua, mtoto anatambaa na hapana sakafu, na moshi wa chakula cha zamani unapita puani mwako kama vile umekaribishwa. Bi Nunu, mama yake Kidawa, macho yake yalikuwa yamekwisha kuliwa na vumbi, lakini kidole chake hakikukosea hata siku moja. Alikuwa akikinyoosha kuelekea hewani na kusema, "Pale nilikuzaa wewe." Halafu anakisogeza kidogo. "Na pale nikamzaa nduguyo."

Nduguyo. Hapo ndipo palipokuwa na jambo.

Mbaruku, kitinda mimba wa Bi Nunu, alichukuliwa na Kampuni inayochimba jiwe akiwa kijana, akaenda kusomeshwa mbali, na sasa alikuwa amerudi akiwa Bwana Msimamizi. Alifikia kwenye mahema ya Kampuni. Alipita mbele ya mlango wa mama yake na kofia yake ngumu ya manjano, na hakusimama. Habari zilizotoka kwenye mahema zilikuwa kwamba hata ile kanda ya mwisho ya mchanga, kati ya Shimo na vilima, ambako mji ulikuwa unahamia, nayo inatakiwa. Mashimo ya baruti yamekwisha kutobolewa. King'ora kitalia mchana. Watu watapelekwa ng'ambo ya milima, kwenye nyumba ambazo tayari zina milango yake.

"Yaani milango ya nani?" aliuliza Bi Nunu alipoambiwa.

"Ya Kampuni, mama."

"Basi ni nyumba za Kampuni." Akapapasa mpaka akaushika mkono wa binti yake. "Kidawa, mimi nimebebwa vya kutosha. Nibebe leo, kisha basi. Nataka nife mahali ambapo nikisema nyumbani, pasiniteleze mdomoni."

"Nakuahidi, mama."

Aliahidi kwa sababu ilikuwapo njia moja, nayo ilikuwa ya kukimbiza. Kwa sheria ya Hamahama, ambayo hata wachimbaji wa Kampuni walizaliwa nayo, hapapigwi baruti mbele ya mlango uliosimama mpaka mpigaji abishe hodi na akaribishwe. Mlango mmoja tu ukisimama kwenye ile kanda kabla ya king'ora, angalau kipande kile cha mchanga kingepona. Kwa hiyo mbio zile za asubuhi, na vigelegele vile, na wazee waliosahau mikongojo yao wakakumbuka miguu yao! Kidawa alifungwa mlango mgongoni kwa kamba, mti mkavu wenye misumari ya shaba uliokuwa umemzidi urefu, akaondoka mbio akiuzunguka ukingo wa Shimo huku mji mzima unamfuata. Alikuwa anacheka. Hakujua kwa nini, lakini alikuwa anacheka mpaka mbavu zinauma chini ya zile kamba. Nyuma yake Bi Nunu alibebwa kitini, naye anapiga kelele, "Mwendo huo! Mwendo huohuo, mwanangu!"

Walipofika kwenye ile kanda, kimbunga cha vumbi kikatokea.

Vimbunga vidogo ni vya kawaida huko. Huja, humzungusha mtu, huondoka. Kiliwazungusha. Kilikuwa cha buluu na kinene, na ndani yake Kidawa hakuona mkono wake mwenyewe, wala hakuthubutu kungoja kitulie, maana alihisi mtetemo wa mitambo unyayoni. Akafungua kamba. Akaukita mlango. Watu wakamsaidia kuushindilia, vicheko na kikohozi vimechanganyika, na shoga yake Chausiku, mwanamke wa maneno mengi na moyo mkubwa, akaleta kata ya maji. Maji yakamwagwa. Mchanga ukayanywa, na vigelegele vikapaa.

Kimbunga kikaondoka.

"Kidawa," alisema Chausiku, na kwa mara ya kwanza maishani mwake alisema polepole. "Hebu niambie, shoga. Komeo limetazama wapi?"

Komeo lilikuwa limelitazama Shimo.

Mlango ulikuwa umesimikwa kinyume. Ile sehemu ndogo ya mchanga iliyopangwa kuwa nyumba ya Bi Nunu ilikuwa sasa nje, na ndani, upande wa komeo, kulikuwa na kila kitu kilichobaki: kanda yote, Shimo, mji wa zamani uliobomolewa nusu, mahema ya Kampuni, mitambo, mbuzi, barabara ya magunia, na anga juu yake. Kidawa alilishika komeo kwa mikono miwili. Kosa kama hili halikuwahi kusikika. Nimeivuruga nyumba ya mama. Nimemwahidi, na nimeivuruga. Machozi yalikuwa yanamjia, ya kweli, ya moto.

Lakini Chausiku alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulionekana usoni kama mtu anayetafuna kitu kigumu. Akatazama alipokuwa amesimama. Akatazama komeo. Akajishika kifua.

"Mungu wangu! Nimo ndani ya nyumba ya mtu na sijabisha hodi!"

Akakimbilia mlangoni, akaufungua, akatoka nje, akaufunga nyuma yake, akageuka, akatengeneza kanga yake. Kisha, kwa sauti ya mgeni mwenye heshima zake, "Hodi!"

Kidawa alimtazama. Kitu kikamfunguka kifuani, kikubwa kuliko mlango wowote.

"Karibu," akasema. Halafu akasema tena kwa nguvu, na sauti ikaenda ikagonga ukingo wa pili wa Shimo ikarudi. "Karibu ndani!"

Basi hapo pakawa hapatoshi. Mji mzima ulijikuta ni mwizi, na mji mzima ukataka kusafishika. Walisukumana kutoka nje kupitia mlango ule mmoja, wakajazana kwenye kile kipande cha mchanga, wakapanga foleni wakigombana nani katangulia, na kila mmoja akabisha hodi peke yake, kwa jina lake, ili akaribishwe duniani. Wauza maji, wachekechaji, mwalimu wa chuo na wanafunzi wake, bibi harusi wa wiki iliyopita ambaye mikono yake bado ilikuwa na hina. Watu waliingia mahali walipokuwa wameishi maisha yao yote, na waliingia wakiangalia huku na huku kama wageni, wakisifia. "Mashallah, nyumba yenu kubwa." "Hewa nzuri humu." Mzee mmoja alilia alipoiona barabara.

Ndipo ikawa kwamba foleni haikuisha. Kidawa alikuwa ameshika mlango, sauti inamkauka, na nyuso zilizokuja hazikuwa tena za watu aliohama nao asubuhi. Shangazi yake alikuja, yule wa kofi, aliyekwisha kufa. Hakusema kitu juu ya kofi, alibisha hodi, akakaribishwa, akapita akimgusa shavu palepale. Wakaja waliolala na nyumba zao zikateleza Shimoni. Akaja mwanamke aliyepasuka midomo, mkononi ana kigae cha chungu.

"Hodi, mwanangu. Mimi nilikuwa natafuta maji tu."

Ndani ya kata ya Chausiku maji yalikuwa yamebaki kidogo. Kidawa akampa, na Zamda akanywa polepole mpaka tone la mwisho. Hakuna aliyeshangaa. Katika nyumba kubwa kiasi kile, jana nayo ilikuwa na haki ya kupata pa kukaa.

Sasa Bwana Msimamizi alikuja, kutoka upande wa mahema, na kofia yake ya manjano na kisanduku cha baruti. Yaani alikuja kutoka ndani. Wachimbaji wake walipouona mlango na kusikia habari, waliweka chini nyundo zao mmoja mmoja bila kumwangalia usoni, wakaenda kupanga foleni. Akabaki peke yake katikati ya kanda.

"Upuuzi gani huu?" alisema Mbaruku. "Dada, ondoa huo mlango. King'ora kinalia sasa hivi."

"Kizingiti kimekwisha kunywa maji," alisema Kidawa.

"Umeukosea! Umetazama kinyume!"

"Nimeukosea, ndiyo. Na wewe umo ndani ya nyumba ya mama hujabisha hodi."

"Mwizi!" alipiga kelele Chausiku kwa furaha kubwa, na mji ukadakia. Walisema kwa kicheko, lakini neno ni neno, na uso wa Mbaruku ulibadilika. Alitazama kulia kwa mlango, ambako kulikuwa na hewa tupu. Alitazama kushoto, ambako kulikuwa na hewa tupu. Alikuwa amesoma mbali, amelala kwenye majumba yenye kuta za kioo, na angeweza kuwasha utambi palepale aliposimama na kuyamaliza. Kidawa aliona jinsi mguu wake wa kulia ulivyotaka kukataa. Halafu Mbaruku akatembea mpaka mlangoni, akapita katikati, akatoka, akaufunga taratibu kama walivyofundishwa wote wawili na mtu mmoja.

"Hodi," akasema kutoka nje.

Hodi ni tatu. Ya tatu ikikosa mwitikio, mgeni huondoka na harudi siku hiyo. Lakini tangu mji uwe mji, hodi haikuwahi kukosa mwitikio, na ulimi wa Kidawa uliruka wenyewe mdomoni hata akauuma. Nikisema karibu, anaingia na baruti. Nikinyamaza. Nikinyamaza mimi ni mtu gani? Ni ndugu yangu yule. Nilimbeba mgongoni kabla sijabeba mlango. Nyamaza, Kidawa. Mama anataka mahali pasipoteleza. Nyamaza.

"Hodi," alisema Mbaruku mara ya pili, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa.

Bi Nunu alikuwa ameshushwa kutoka kitini na kuketishwa mkekani, karibu na ukingo, amegeuzia sikio mlangoni. Kidawa alimwona mama yake akifungua mdomo, na moyo ukampasuka, maana mwanamke yule alikuwa amesema karibu maisha yake yote, kwa wadai, kwa wambeya, kwa mbwa.

"Hodi."

"Nani?" aliuliza Bi Nunu.

"Mimi."

"Mimi nani? Humu ndani kila mtu ni mimi."

"Msimamizi wa…"

"Simjui huyo."

"Mbaruku."

"Mbaruku wa nani?"

Upepo ulipiga mlango, komeo likagongagonga. Alipojibu, alijibu kama mtu anayekumbuka kitu akiwa usingizini.

"Wa Bi Nunu."

"Ala!" alisema Bi Nunu, na hasira yake ilikuwa tamu kuliko mapenzi ya watu wengi. "Tangu lini ukabisha hodi kwenu?"

Kidawa alitaka kupiga ukelele. Mama! Umempa nyumba nzima! Mtoto wa nyumba haombi ruhusa ya mtu. Angeingia na kisanduku chake na hakuna sheria ya kumzuia. Mlango ukafunguka. Mbaruku akasimama kwenye kizingiti, kisanduku kwapani.

"Viatu," alisema Bi Nunu. "Usinichafulie."

Akainama akavivua, vile viatu vizito vya Kampuni, akaviacha nje pamoja na kisanduku, maana mikono miwili haitoshi kufungua kamba za viatu na kushika baruti. Akaingia miguu mitupu. Akapiga magoti mkekani, akavua na kofia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Vidole vyake vikapita juu ya uso wa mwanawe, paji, pua, kidevu, vikaisoma miaka. Kisha akageuza kichwa, akanusa upepo uliokuwa unapanda kutoka chini. "Niambieni, mimi sioni. Humu ukumbini mwangu kuna baridi inatoka chini. Kuna nini?"

"Kuna Shimo, mama," alisema Kidawa.

"Ndani ya nyumba yangu?"

"Ndani ya nyumba yako."

"Nani kalichimba?"

Jibu lilikuwa kwenye midomo yote. Lilikuwepo. Watoto walilijua, wafu walilijua, hata Mbaruku alifungua mdomo na silabi ya kwanza ikatoka. Lakini alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka wa mama yake, miguu mitupu, vumbi la buluu limejaa kwenye kucha za mikono yake, na mbele yake sakafu ya nyumba yao ilikuwa imeishia hewani.

"Mimi," alisema.

Kidawa alihisi neno lile likimpita mwilini. Akasogea, akapiga magoti kando ya ndugu yake. "Na mimi."

"Na mimi," alisema Chausiku, analia. Na wachimbaji, na wachekechaji, na mwalimu, na shangazi. Nyuma ya wote, taratibu, Zamda akakiweka kigae chake chini.

Bi Nunu aliwasikiliza mpaka mwisho, mmoja baada ya mwingine, kwa uvumilivu wa mama anayesubiri watoto wamalize visingizio.

"Basi mtalifukia," alisema. "Lakini kwanza kaeni mle chakula."

King'ora cha Kampuni kikalia, kirefu, kikazunguka Shimo lote na kurudi. Hakuna aliyeinuka. Kidawa peke yake aliondoka mkekani, akaenda akaufunga mlango, kisanduku cha baruti kikiwa bado nje, akatia komeo.